Eloi, Mteule Asiyeteuliwa

Eloi Jauffret alikuwa bado na meno ya utotoni siku Padri Aubert alipomsimamisha mbele ya darasa la katekisimu na kumuuliza kama anajua maana ya jina lake. Eloi hakujua. Alichojua ni kwamba mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa Jumapili ya sikukuu ya Mtakatifu Eloi, farasi wakipita mbio chini ya dirisha, na mkunga alikuwa amekimbilia dirishani kuwatazama, hata mtoto akatoka bila mtu wa kumpokea.

"Si lile neno alilolia Bwana wetu msalabani," Padri aliwaeleza watoto. "Lile ni neno la kwao kule, maana yake Mungu wangu. Hili letu linatoka kwenye Kilatini, Eligius, maana yake mteule, aliyechaguliwa. Naye mtakatifu mwenyewe alikuwa mfua dhahabu wa wafalme, na ndiye mwombezi wa wahunzi na farasi wote. Haya, kaa chini, Mteule."

Padri Aubert alikuwa mtu mwema, na alikwenda kaburini bila kujua alichokifanya siku ile. Maana Eloi alikaa chini, akakunja mikono, akaanza kungoja kuchaguliwa.

Alingoja kwenye mpira. Makapteni wawili walikuwa wakichagua mmoja mmoja, huyu wangu, yule wako, na Eloi alibaki mpaka mwisho, baada ya mtoto mwenye mguu wa plasta. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe maisha yake yote, pale mkahawani kijijini kwao Montrignan, na kila aliposimulia aliiongezea chumvi, hata ikafika mahali ambapo alichaguliwa baada ya nguzo ya goli. Alingoja kwenye mchezo wa Krismasi, akapewa kuwa nusu ya nyuma ya punda. Alingoja jeshini, sajini akipita kwenye mstari na kidole chake, "Wewe, wewe, na wewe," na kidole kikamruka hata siku ya kusafisha vyoo. Kiangazi kizima alicheza dansi na Sidonie, binti wa mwokaji, na mwisho wa kiangazi Sidonie akamchagua Baptistin Arnavon, mwenye mashamba ya pichi.

"Hata nyuki," Eloi alikuwa akisema. "Kundi zima lilitua kwenye dohani langu. Likapumzika, likatazama nyumba, likahamia kwa jirani."

Watu walicheka, naye alicheka kuwazidi.

Mkewe, Norine, hakuipenda hadithi moja tu, ile inayomhusu. Eloi alipenda kuwaambia watu, "Norine hakunichagua mimi. Alikosea basi, akateremka hapa." Na Norine, bila kuinua macho kwenye ufumaji wake, alijibu kila mara, "Nilikosea basi, ndiyo. Lakini la kurudi lilikuwepo jioni ile ile, na nililiona likipita."

Jambo moja tu Eloi alilifanyia mzaha bila kulicheka moyoni, nalo lilikuwa Ukuu wa Sikukuu.

Pale Montrignan, wenye farasi wote ni wa chama cha Mtakatifu Eloi. Kila mwaka mwezi wa Julai hufungwa farasi mmoja nyuma ya mwingine, mstari mrefu, wavute gari lililovikwa matawi mabichi, na baada ya baraka mbele ya kanisa huachiwa wakimbie kijiji kizima, waendeshaji wakikimbia nao ubavuni. Juu ya gari, katikati ya matawi, husimama Mkuu wa Sikukuu na bendera ndogo mkononi. Mkuu huchaguliwa wakati wa baridi. Kila mwanachama huweka kofia yake mezani, na wenzake hupita wakitia dengu kwenye kofia ya wanayemtaka. Sharti ni moja. Farasi wa mbele kwenye mstari awe wa Mkuu mwenyewe, wa zizi lake, si wa kuazima.

Miaka nenda, miaka rudi, Eloi aliweka kofia yake na kuichukua ikiwa nyepesi kama alivyoileta.

"Hii ndiyo kofia safi kuliko zote kijijini," alisema akiikung'uta. "Haijawahi kuguswa na dengu."

Mara moja alikuta dengu moja kwenye bitana, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Wiki nzima alikuwa mtu mwingine. Kisha Norine, aliyeshindwa kuvumilia, akamwambia ilidondokea humo alipokuwa akitengeneza supu.

Baba yake Eloi aliwahi kukimbia ubavuni mwa farasi wale, na babu yake pia, na hakuna kati yao aliyepanda juu ya gari. Eloi aliwaza kwamba akipanda yeye, basi watakuwa wamepanda wote watatu. Lakini hilo hakulisema mkahawani.

Basi ikafika baridi ambayo Fanette, farasi wake jike wa kijivu, alikuwa ameshazeeka, kidevu kimekuwa cheupe. Daktari wa mifugo alimpapasa miguu akasema kiangazi kijacho anaweza kukimbia kwa mara ya mwisho, halafu apumzishwe. Eloi alijua hatanunua farasi mwingine. Hata goti lake lisingekubali. Kwa hiyo ikiwa si safari hiyo, haitakuwa tena.

Aliweka kofia mezani akageuka kutazama ukuta. Alipogeuka tena, ilikuwa imejaa. Dengu zilimwagika mezani alipoinyanyua. Eloi Jauffret alijifuta macho kwa mkono wa koti akasema moshi wa jiko umemwingia, na jiko halikuwa limewashwa.

Mkahawani Baptistin Arnavon alimgongea glasi ya pastisi, kile kileo chao cha anisi.

"Usivimbe kichwa, mzee. Tumemchagua Fanette. Farasi gani mwingine kijijini amevuta miaka yote hiyo bila kumkanyaga mtu? Tulitaka mwaka wake wa mwisho awe mbele. Wewe umekuja naye tu."

Mkahawa mzima uliangua kicheko. Eloi alicheka mpaka akashika meza.

"Basi nitajitahidi kufanana naye," alisema.

Nyumbani alimwambia Norine, "Wamemchagua farasi."

"Wana macho," alijibu Norine, akamkumbatia.

Kuanzia hapo mtu mzima akawa mtoto. Alitoa kizibao cha mahameli cha babu yake, akakuta vifungo havifiki, akamwomba Norine aongeze kitambaa mgongoni ambako hakuna atakayeona. Alipanda juu ya meza ya jikoni akiwa ameshika ufagio, akajifunza kusimama bila kuyumba, mkono juu, uso wa unyenyekevu. Mwanamke wa posta alimkuta hivyo.

"Kuna panya?" aliuliza.

"Yupo mmoja," Norine alimjibu. "Amepanda mezani."

Lakini kazi kubwa ilikuwa njuga. Farasi wa Montrignan huvaa safu ya njuga shingoni. Fanette alikuwa na zake, ila Eloi hakuridhika. Alipanda darini akashusha njuga za baba yake, akashusha na za babu, akazisugua kwa majivu na siki hadi zikang'aa, akazishona zote kwenye mikanda, shingoni, kifuani, mgongoni. Fortuné Vial, mhunzi, alipokuja kumpigilia Fanette viatu vipya, alisimama akatazama.

"Utamtia uziwi mnyama wa watu."

"Nataka asikike."

"Atasikika mpaka ng'ambo ya mto."

"Ndivyo ninavyotaka," alisema Eloi.

Asubuhi ya sikukuu, nyenje wakiwa wameshaanza kelele kwenye misonobari, Eloi alimtoa Fanette zizini. Farasi aliweka mguu wa mbele wa kulia chini taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, akauondoa upesi. Eloi aliliona hilo. Halafu akaamua kwamba hakuliona. Akamvika mikanda yote, akamfunga shada jekundu kichwani, akamwambia, "Twende, mama."

Sasa, farasi mzima akitembea, njuga zake hulia kwa mwendo mmoja, kama mtu anayepepeta ngano. Pale Montrignan hata mtoto anayenyonya anaujua mlio huo. Za Fanette zilisema chwa, chwa, halafu zikanyamaza kidogo, halafu chwa.

Norine alikuwa mlangoni na kofia ya mumewe mkononi.

"Eloi. Anachechemea."

"Ni hizi changarawe za uani."

"Changarawe hizi zipo tangu tuoane."

"Akitembea atapata moto, atanyooka. Hata mimi asubuhi ndivyo nilivyo."

"Wewe huvuti gari, mume wangu."

Alichukua kofia, akachomeka bendera ya Mkuu kiunoni, akaondoka. Njia ya kwenda kanisani si ndefu, ila siku ile ilikuwa na nyumba nyingi kuliko kawaida. Njuga za vizazi vitatu zilitangaza kila hatua. Dirisha lilifunguka huku, likafunguka kule. Bibi Zélie, aliyekuwa akimenya mbaazi kizingitini, aliinua kichwa, akasikiliza, akakiinamisha tena bila kusema neno. Maana huko farasi wa mtu hashikwi wala hasemwi na mwingine mpaka mwenyewe aseme, na aliye na kilema akikinyamazia, kijiji nacho hunyamaza.

Eloi alikuwa ametaka kijiji kizima kimsikie Fanette. Kilimsikia.

Kwenye chemchemi, hatua chache kabla ya uwanja wa kanisa, alisimama akajifanya anamnywesha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kunyofoa njuga na kuzisokomeza kwenye mifuko ya kizibao. Zilipojaa mifukoni akaanza kutembea tena, na ndipo alipogundua kosa lake. Yeye mwenyewe ana goti bovu. Fanette alisema chwa, chwa, kimya, chwa, na kizibao kikajibu chwa, kimya, chwa, chwa. Kwa hiyo wakaingia uwanjani vilema wawili badala ya mmoja, kila mmoja na ngoma yake.

Farasi wengine walikuwa wamekwishafungwa kwenye mstari, manyoya yamechanwa, vioo vidogo vinameta kwenye mikanda. Nafasi ya mbele ilikuwa wazi. Watu wote waligeuka. Fortuné mhunzi alitazama viatu vyake mwenyewe. Baptistin, aliyeshika farasi wa pili, alivua kofia.

"Habari ya asubuhi, Mkuu," alisema.

Hakuna utani uliofuata. Hilo ndilo lililomtisha Eloi. Watu hawa walimcheka aliponunua baiskeli, walimcheka alipong'oa jino, walimcheka kwenye maziko ya shangazi yake mwenyewe kwa kuwa alikaa kwenye kaburi la familia isiyo yake. Leo, amekuja na farasi mlemavu na kizibao kinacholia, na hakuna hata aliyetabasamu. Walikuwa wakimwachia aseme mwenyewe.

Padri Lazare alitoka na maji ya baraka na tawi la kunyunyizia.

"Tuanze, Mkuu?"

"Dakika moja, Padri."

Eloi aliinama akashika kwato. Ilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanuri. Alizijua zile mbio. Farasi wa mbele hawezi kusimama, kundi zima linamsukuma kutoka nyuma, na kwenye kona ya duka la mikate njia ni nyembamba. Akianguka wa mbele, wote wanapita juu yake.

Lakini pia mbio zenyewe ni fupi. Ni mzunguko mmoja tu, barabara moja, kona moja. Gari lilikuwa pale, kijani na jipya, na ngazi ndogo imeegemezwa tayari. Eloi alifumba macho akaomba. Aliomba haraka haraka, na alikuwa amefika katikati ya sala alipojisikia anachokiomba. Hakuwa anaomba Fanette apone. Alikuwa anaomba Fanette avumilie mpaka wapite duka la mikate.

Alifumbua macho kwa aibu. Hata yeye mwenyewe alisikia jinsi sala ile ilivyochechemea.

"Jamani," alisema akisimama, na mifuko ikalia, "mliyemchagua anaumwa mguu. Na mimi nilikuja naye tu."

Pumzi ya uwanja mzima ilishuka kwa pamoja. Fortuné alikuwa ameshapiga magoti kwenye mguu wa Fanette kabla Eloi hajamaliza kufungua mkanda wa kwanza, koleo mkononi. Kumbe alikuwa amelificha chini ya koti tangu alipowasikia wakija.

"Ungesema kwenye chemchemi ningekuja mbio," alinong'ona.

"Kwenye chemchemi nilikuwa na shughuli."

"Tumeisikia."

Baptistin alisogea, kofia bado mkononi. "Unaijua kanuni, Eloi. Asiye na farasi mbele hapandi."

"Naijua. Wa pili anasogea mbele, na mwenye huyo wa pili anapanda. Shika bendera."

"Mimi nimekwishapanda. Zaidi ya mara moja."

"Basi una uzoefu. Shika, kabla sijabadili mawazo. Usinione mwema, mwenzio nimekuja nikipima urefu wa barabara."

Baptistin aliipokea bendera kama anapokea mtoto wa mtu aliyelala. Alimpiga Eloi begani kwa nguvu hata njuga zikalia. Hapo ndipo mtu mmoja alipocheka, na mwingine, na uwanja wote ukacheka, na Eloi akashukuru Mungu kwa kicheko hicho, maana kimya kile kilikuwa kimemchosha.

Kiatu kilipong'oka, usaha ulichuruzika kwenye mawe. Fanette alishusha pumzi ndefu.

"Umeona?" alisema Fortuné. "Angeingia mbio na hiki, leo jioni ungekuwa unalia. Mtakatifu wetu, kama alivyofanya kwenye ile hadithi ya muujiza wake, angeukata mguu mzima, akaupigilia kiatu mezani kwake, akaurudisha mahali pake."

"Wewe usijaribu," Eloi alisema. "Mwachie mwenyewe."

Padri Lazare alianza na Fanette, ambaye hakuwa tena kwenye mstari. Alimnyunyizia kichwani, akanyunyizia na mguu ulioinuliwa, na kwa kuwa tawi lilikuwa na maji mengi, nusu ya baraka ilimwangukia Eloi kifuani ikalowanisha mahameli ya babu. Kisha mtu akapiga kelele, mijeledi ikalia hewani, na mstari mzima ukaondoka.

Eloi alikuwa amemshika Fanette nyuma ya chemchemi, mkono shingoni. Ardhi ilitetemeka. Farasi walipita na upepo wao, jasho, vioo, vumbi, wanaume wakikimbia vifua wazi, na gari likaruka nyuma yao kama linataka kuwapita. Fanette aliinua kichwa akalia, akataka kwenda, akamburuta bwana wake hatua kadhaa. Eloi alidhani atalia machozi. Badala yake alijikuta akipaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Inua juu! Baptistin! Juu! Hiyo ni bendera au unaanika shati?"

Baptistin, aliyekuwa amekumbatia tawi kwa mkono mmoja na macho yamemtoka, aliinua bendera. Kisha wakakata kona ya duka la mikate wakatoweka, na uwanjani likabaki vumbi na bibi wawili wanaojipepea.

Hakubaki kwenye chakula chini ya miti. Alimwongoza Fanette nyumbani polepole, akachemsha pumba, akamfunga kwato kwa kitambaa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akimshikia mguu ndani ya beseni. Norine aliwafuata na sahani ya chewa na sosi ya kitunguu saumu, na kipande cha mkate mtamu wa anisi uliobarikiwa.

"Kizibao kivue. Kitaharibika."

"Niachie mpaka jioni."

Norine hakubishana. Aliketi kwenye majani makavu, akamega mkate, akampa Fanette kwanza.

"Unasikitika?" aliuliza.

"Sana," alisema Eloi. "Nilidhani nikifanya jambo jema nitajisikia mwepesi. Walisema hivyo kwenye katekisimu. Mimi naona wivu, Norine. Umemwona alivyoishika ile bendera? Mtu hajafanya mazoezi hata siku moja."

"Hana meza kama yetu."

Kutoka mbali walisikia farasi wakirudi uwanjani, na watu wakipiga makofi. Fanette alitega masikio, kisha akayalegeza akaendelea kutafuna. Norine alikwenda kuchota maji mengine ya moto.

Eloi alipobaki peke yake na farasi wake alivua kofia, akaona afadhali aombe tena, safari hii vizuri. Alishukuru kwa ajili ya mguu. Alishukuru kwa koleo la Fortuné na kwa mdomo wa Norine. Alimwombea Baptistin, jambo ambalo lilimchukua muda. Halafu, kwa kuwa Mungu hadanganyiki, alikiri kwamba hata hivyo angependa kupanda, mzunguko mmoja tu.

Alikoroga maji ya beseni kwa kidole, akaongeza kwamba hata nusu ingetosha, mpaka pale kwenye duka la mikate.